Noti zilibaki, habari ikasafiri

Kabla simu ya mkononi haijawa benki ya mfukoni, mfanyabiashara wa Muyinga aliyeogopa kupita Karuzi na fedha kiunoni alikuwa na posta.

Katika mandati ya telegrafu, noti hazikusafiri. Karani alipokea fedha na ada, kisha akapeleka kwa waya kiasi, jina la mpokeaji na alama ya siri. Mwenzake wa Gitega alihakiki alama, akatazama kitambulisho, akalipa kutoka sanduku lake. Western Union ilianza biashara ya namna hiyo Marekani mwaka 1871.

Tatizo lilikuwa jina. Kirundi hakitofautishi R na L, hivyo jina lililoandikwa kambini Tanzania huweza kutofautiana na la kitambulisho cha nyumbani. Herufi moja tu, na fedha hazitoki.

Leo kuna Lumicash, lakini mafunzo ni yale yale. Nawaambia ndugu zangu mnaovuka Kobero: sawazisheni majina kwenye karatasi zenu mapema. Na ujumbe wa simu peke yake si fedha. Tazama salio kwanza, ndipo utoe mzigo.