Safari ya Peru: Mawe na Majani

Wasikilizaji, msafiri aendaye nchi ya Peru, iliyo magharibi ya Amerika ya Kusini, husimuliwa kwanza habari za mawe yake. Nasi tutaanza hapo. Lakini twawaomba mtufuate mpaka kwenye majani, maana huko pia kuna jambo kubwa la kujifunza.

Mji wa kwanza kuuona ni Cusco, uliokuwa makao ya wafalme wa Wainka hata Wahispania walipoingia mwaka 1533. Mji huu uko milimani, yapata futi 11,000 juu ya usawa wa bahari, yaani zaidi ya nusu ya kimo cha Kilimanjaro. Huko hewa ni nyepesi, na mgeni huumwa na kichwa na kuhema. Basi afikapo hana budi kupumzika siku moja au mbili, anywe maji, wala asifanye haraka. Akizidiwa, dawa ni kushuka chini.

Katika Cusco zitazameni kuta. Wainka hawakuwa na zana za chuma wala magurudumu ya kuchukulia mizigo. Hata hivyo walichonga mawe yakashikana pasipo chokaa. Juu ya hekalu lao la jua, liitwalo Coricancha, Wahispania walijenga kanisa na nyumba ya watawa. Mwaka 1950 tetemeko la nchi liliuharibu mji; majengo ya juu yakabomoka vibaya, bali kuta za Wainka zilizo chini yake zikasimama.

Kisha watu huenda Machu Picchu, mji uliojengwa katika karne ya 15 juu ya mgongo wa mlima. Mwaka 1911 mwalimu mmoja wa Marekani, Hiram Bingham, aliutangaza ulimwenguni. Lakini wenyeji walikuwa wakiujua, na baadhi yao walikuwa wakilima katika matuta yake. Matuta hayo huuzuia udongo usiporomoke, na chini yake mna changarawe ili maji ya mvua yazame upesi. Siku hizi hesabu ya wageni wa kila siku imewekewa mpaka, kwa kuwa nyayo nyingi hulisha hata jiwe.

Sasa twende kwenye majani. Kusini ya Cusco, juu ya mto Apurímac, liko daraja liitwalo Q'eswachaka, urefu wake kadiri ya futi 90, nalo limesukwa kwa majani. Kila mwaka, mwezi wa Juni, watu wa vijiji vinne hukutana. Kila nyumba huleta kamba yake. Kamba nyembamba husokotwa pamoja zikawa nene, daraja kuukuu likakatwa, na jipya likatandazwa. Mwaka 2020 kazi hii haikufanywa kwa sababu ya maradhi ya korona, na mwezi wa Machi 2021 daraja likakatika. Wahenga wetu walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini Juni ya mwaka ule ule vijiji vilikutana tena vikalisuka upya.

Mwisho fikeni ziwa Titicaca, mpakani mwa Bolivia, kwenye kimo cha futi 12,500. Huko watu waitwao Uros hukaa juu ya visiwa walivyovitengeneza kwa matete. Matete ya chini huoza majini, kwa hiyo hutandika mapya juu yake daima. Na mgeni akiandaliwa viazi, akumbuke kwamba hivi tuviitavyo viazi vya Ulaya asili yake ni milima hii hii. Ulaya yenyewe ilivipata kwa Wahispania.

Wakati mwema wa safari ni Mei hata Septemba, mvua zikiwa zimekwisha. Mwenye siku chache huenda Machu Picchu, akapiga picha, akarudi. Sisi twamshauri, akiweza, afike na darajani pia. Kuta za Cusco zasimama kwa ustadi wa mafundi waliokufa zamani. Daraja lasimama kwa sababu majirani walikuja kazini mwaka huu, kila mmoja na kamba yake mkononi.