Je, Wajua? Tughutu ni Ndugu wa Alizeti

Je, wajua kwamba tughutu, ule mmea unaoota mipakani mwa mashamba ya Wasambaa kule Lushoto, ni wa ukoo mmoja na alizeti? Wataalamu huuita Vernonia subligera. Lichunguze ua lake: si ua moja, bali ni vijiua vingi vilivyobanana kwenye kichwa kimoja, kama vya alizeti.

Ukoo huu umefika hata jangwani. Huko Marekani na Mexico kuna jenasi ya Geraea, maua ya njano ya nyikani, ambayo jina lake latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mzee, kwa sababu ya nywele zake nyeupe kama mvi.

Lakini tughutu wetu ndio wenye faida shambani. Wakulima wa milima ya Usambara walikwisha kujua kwamba majani ya tughutu hurutubisha udongo. Watafiti wakayajaribu kwenye maharage, pamoja na mbolea ya fosfeti ya Minjingu inayochimbwa mkoani Manyara, na mavuno yakaongezeka. Mkulima wa milimani, usiung'oe mmea huu ukidhani ni gugu. Kata majani, yafukie shambani, kisha panda maharage yako.