Zebaki ya Mwaloni, Zebaki ya Kopo la Krimu

Na Mwandishi Wetu, Geita

Katika machimbo madogo ya dhahabu ya Rwamagasa, Nyarugusu na Mgusu mkoani Geita, na Mwakitolyo mkoani Shinyanga, zebaki ni kitu cha kila siku. Mawe yanayotolewa duarani husagwa kwenye karasha, unga wake huoshwa mwaloni, kisha zebaki humiminwa ndani ya beseni ili ishikamane na chembe za dhahabu. Donge linalopatikana hukamuliwa kwa kitambaa na kuchomwa motoni. Zebaki huondoka kwa njia ya mvuke, na dhahabu hubaki. Lisilofahamika sana ni kwamba kemikali hiyo hiyo huweza kuwamo katika krimu au sabuni ya kung'arisha ngozi inayouzwa katika maduka na magulio yanayowahudumia wachimbaji na familia zao.

Jambo hili si geni katika Kanda ya Ziwa. Katika miaka ya 1990, watafiti kutoka Japani walipima nywele za wachimbaji wa dhahabu, wavuvi na wakazi wa Jiji la Mwanza. Baadhi ya watu walikutwa na zebaki nyingi mno, na ingekuwa rahisi kuilaumu migodi au samaki. Hata hivyo, zebaki ya samaki ina umbo lake la kikemikali linaloweza kutambuliwa maabara, na kwa baadhi ya watu hao haikuwa hiyo iliyozidi. Uchunguzi uliwafikisha watafiti kwenye sabuni ya kuogea yenye zebaki, iliyotumiwa kung'arisha ngozi. Umoja wa Ulaya ulikataza kusafirisha nje sabuni za aina hiyo mwaka 2003, miaka mingi baada ya kuziondoa katika masoko yake wenyewe.

Ngozi hupata rangi yake kutokana na melanini, ambayo ndiyo kinga yake dhidi ya makali ya jua. Zebaki huzuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini, ndiyo maana mtumiaji huona uso ukififia rangi ndani ya wiki chache na kudhani kwamba dawa imemkubali. Wakati huo huo zebaki hupenya ngozi, huingia kwenye damu na kujikusanya zaidi katika figo. Dalili zake hazianzii usoni: miguu huvimba, mkojo huwa na povu, mikono hutetemeka, usingizi hupotea na kumbukumbu hupungua. Mjamzito huweza kumpitishia mtoto aliye tumboni. Aidha, mvuke wa zebaki hutoka katika ngozi iliyopakwa, taulo na mito ya kulalia, hivyo mtoto anayelala na mama yake hufikiwa ingawa hajapakwa chochote.

Hapo ndipo ugumu wa mikoa hii ulipo. Mama anayeosha mchanga mwaloni mchana na kupaka krimu usiku hupata zebaki kwa njia mbili. Akifika kituo cha afya akitetemeka mikono, ni rahisi kuishia kwenye swali la kazi anayofanya. Atashauriwa kuacha kushika zebaki kwa mikono mitupu, naye atatii, huku kopo la krimu likiendelea kubaki kando ya kitanda. Mgonjwa ataje vyote viwili, hata asipoulizwa. Kipimo cha mkojo huweza kuonesha kiasi cha zebaki kilichomo mwilini, lakini hakisemi kimepitia mlango gani.

Mteja atawezaje kuitambua? Kwa macho ni vigumu, maana krimu yenye zebaki haina harufu wala rangi ya pekee. Pale inapoandikwa, huonekana kwa alama ya Hg au kwa majina kama calomel na mercuric iodide. Bidhaa nyingi za namna hii hazitaji kabisa viambato vyake, na hilo peke yake ni sababu tosha ya kuirudisha rafuni. Ipo dalili nyingine ambayo mchimbaji ataielewa haraka kuliko mtu yeyote: baadhi ya makopo humtaka mtumiaji avue pete na mikufu ya dhahabu au fedha kabla ya kupaka. Onyo hilo lipo kwa sababu zebaki hushika dhahabu ya pete kama inavyoshika dhahabu ya kwenye beseni, na kuiacha ikiwa nyeupe.

Zebaki si kiambato pekee cha kuogopwa. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta mabaka ya rangi ya samawati iliyochanganyika na weusi, na mabaka hayo ni magumu mno kuondoa. Krimu zenye steroidi kali, ambazo huchanganywa katika mkorogo, hukonda ngozi, huacha michirizi na kuzalisha chunusi mpya. Mtu mwenye fangasi akipaka steroidi, mwasho hutulia kwa siku chache, lakini fangasi huendelea kuenea ikiwa imepoteza sura yake ya kawaida, kiasi cha kumtatiza hata mhudumu wa afya.

Wengi wanaoishia kwenye mkorogo walianza na tatizo dogo lenye tiba: chunusi, madoa meusi yaliyotokea wakati wa ujauzito, au mashilingi. Madoa ya ujauzito huweza kupungua yenyewe baada ya kujifungua, iwapo uso utakingwa na jua kwa kofia, mtandio na losheni ya kukinga jua. Losheni hiyo isichanganywe na krimu ya kung'arisha. Ile inayotengenezwa Hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino, kazi yake ni kulinda ngozi tu. Chunusi na fangasi zina dawa zake, ila huchukua wiki kadhaa, na subira hiyo ndiyo wauza mkorogo wanayoishinda kwa ahadi ya siku saba. Tatizo lisilopona lifikishwe hospitali ya wilaya au ya mkoa, ambako mgonjwa huweza kupewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza.

Kisheria, zebaki, haidrokwinoni na steroidi haziruhusiwi katika vipodozi nchini. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na kemikali ya zebaki yenyewe husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania ni mwanachama wake, awali uliruhusu vipodozi visivyozidi miligramu moja ya zebaki kwa kilo. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana mjini Geneva kuondoa kiwango hicho, ili kufikia 2025 kisitengenezwe wala kuuzwa kipodozi chochote kilichotiwa zebaki.

Mwananchi mwenye kopo analolitilia shaka aache kulitumia, alifunge vizuri ndani ya mfuko wa plastiki na kuliwasilisha ofisi ya TBS au kwa Afisa Afya wa eneo lake. Asilitupe chooni wala asilichome pamoja na takataka, kwa kuwa zebaki iliyomo itageuka mvuke na kuvutwa na waliopo karibu, kama ilivyo kwa donge la dhahabu linapowekwa motoni.