Njia ya Baiskeli Hupimwa kwa Mwendeshaji Dhaifu

Katika jimbo la Derbyshire, Uingereza, mto Wye umechimba bonde jembamba kwenye mawe ya chokaa kati ya miji midogo ya Buxton na Bakewell. Kingo za bonde zimesimama wima, na barabara zinazoteremka humo hupinda ghafla huku zimebanwa na kuta za mawe. Ukitazama ramani ungesema baiskeli hapa ni shughuli ya wenye mapafu makubwa na gia nyingi. Lakini kiangazi kikifika, wanaopita katikati ya bonde hilo ni watoto wa shule ya msingi, bibi na babu zao, na watu walio kwenye viti vya magurudumu, wote juu ya njia ya changarawe ambayo gari haliruhusiwi kuikanyaga. Inaitwa Monsal Trail, na urefu wake ni kilomita 13.7. Wanaoiandika huanza na mandhari. Mandhari ni mazuri, hakuna ubishi, ila yalikuwepo karne zote ambazo mtoto hakuweza kuyafikia kwa baiskeli. Ninachodai ni kwamba njia ya namna hii ipimwe kwa mwendeshaji wake dhaifu kuliko wote, na kwamba ukishika kipimo hicho, mabishano mengi kuhusu njia hizi hupungua makali.

Tuanze na mlima, kwa sababu ndio unaoamua nani apite na nani abaki nyumbani. Chukua mtu ambaye yeye na baiskeli yake wana uzito wa kilo 85, anakwenda kilomita 15 kwa saa. Kwenye mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 100, kupanda kunamdai wati 35 hivi zaidi ya anazotumia tambarare. Kwenye mwinuko wa mita 10 kwa kila mita 100, mwendo ukiwa uleule, anadaiwa karibu wati 350. Mtu wa kawaida asiye na mazoezi akitoa wati 100 kwa muda mrefu amejitahidi, kwa hiyo huko atashuka na kusukuma. Waendesha baiskeli wa Burundi wanaobeba ndizi wanaijua hesabu hii bila kuiandika: wakishateremsha mzigo Bujumbura, hurudi milimani wakiwa wameng'ang'ania nyuma ya malori, na wengine hulipa kwa maisha yao.

Treni ya mvuke nayo ilikuwa dhaifu mlimani, na hapo ndipo penye siri ya Monsal. Mwaka 1863 kampuni ya reli ya Midland ilipitisha humu njia iliyokuja kuunganisha Manchester na London. Gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza, hivyo wahandisi hawakuwa na hiari: walitoboa vilima, wakajenga madaraja marefu na kukata miamba ili mwinuko usizidi sana mita 1 kwa kila mita 100. Reli ilifungwa mwaka 1968, na mwaka 1981 mamlaka ya Hifadhi ya Taifa ya Peak District ikaifungua kuwa njia ya umma. Kazi ghali kuliko zote, yaani kulainisha mlima, ilikuwa imeshalipiwa na wenye hisa waliokufa zamani.

Hata hivyo, kwa miaka 30 njia hiyo haikuwa ya mtoto. Mahandaki yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya usalama, na kila ulipofika mdomoni mwa handaki ulielekezwa kwenye vijia vya kupanda na kushuka ubavuni mwa kilima. Mwenye miguu mizuri alipita. Mwenye baiskeli aliibeba au akageuza. Mwenye kiti cha magurudumu hakuwa na la kufanya. Mnamo Mei 2011 mahandaki manne makuu, kila moja lenye urefu wa mita 400 hivi, yalifunguliwa baada ya kukarabatiwa na kuwekewa taa zinazowaka mchana na kuzimwa jioni. Ndani ni baridi hata Julai, na maji hudondoka kutoka darini. Bonde, mto na changarawe vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni kwamba mwinuko uliondolewa, na watu wa aina nyingine kabisa wakajitokeza.

Anayedhani reli yoyote ya zamani itafaa, atazame jirani yake, High Peak Trail. Reli ya Cromford and High Peak ilikamilika mwaka 1831, wakati wahandisi walikuwa bado hawaiamini treni mlimani. Mabehewa yalivutwa juu ya miteremko kwa minyororo na injini za mvuke zilizosimama mahali pamoja. Jengo la injini ya Middleton Top lingalipo. Leo sehemu za juu za njia hiyo ni tulivu, lakini ukifika Hopton unakuta mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 14, na mbele yake kuna mingine mikali zaidi. Hapo baba hushika breki mpaka vidole vikauma, na mtoto hushuka. Hakuna magari, na changarawe ni ileile, lakini haitoshi.

Na mwinuko mzuri peke yake hautoshi vilevile. Katika bonde la Manifold, upande wa Staffordshire, reli ndogo iliyofunguliwa mwaka 1904 na kufungwa mwaka 1934 ilikuwa njia ya waenda kwa miguu kufikia mwaka 1937, miongoni mwa za mwanzo kabisa Uingereza. Kipande chake, pamoja na handaki la Swainsley, watumiaji wake wanagawana na magari. Magari yenyewe ni machache, na mtetezi wa barabara atauliza machache hayo yana ubaya gani. Ubaya ni kwamba mzazi hajui lini litatokea. Basi safari nzima ya kipande hicho anaendesha upande wa nje akiwa amekaza macho nyuma, na mtoto anafokewa ashike kando. Gari moja linaloweza kutokea linabadilisha njia kama yanavyoibadilisha magari kumi.

Kuhusu changarawe, wako wanaosema lami ingekuwa ya haki zaidi kwa viti vya magurudumu. Hoja hii ina uzito, lakini inachukulia changarawe kuwa kokoto zilizomwagwa tu. Njia nzuri hujengwa kwa tabaka: mawe makubwa chini, madogo juu yake, kisha vumbi la mawe ya chokaa linalomwagiwa maji na kushindiliwa kwa rola mpaka ligande. Katikati hunyanyuliwa kidogo ili mvua ikimbilie mtaroni. Shimo likitokea, watu wawili wenye sepetu na toroli wanalimaliza. Farasi hutembea bila kuteleza, na waendao kasi hupunguza wenyewe, jambo linalomfaa anayetembea na mbwa kuliko kibao chochote cha onyo. Kweli mnyororo hujaa unga mweupe, na baada ya mvua mgongo wako husimulia ulikopita. Lami iwekwe karibu na miji. Bondeni changarawe iliyotunzwa inatosha. Isiyotunzwa haimfai mtu.

Kuna pingamizi mbili kubwa zaidi. Ya kwanza ni ya wanaotaka treni irudi, na si watu wa kupuuzwa, kwani treni hubeba maelfu, wagonjwa na wasioweza kukanyaga pedeli wakiwemo. Ikirudi kwa mpango uliokamilika, wenye njia mbadala ya baiskeli iliyo tambarare vilevile, sina la kupinga. Lakini kuifunga njia inayotumika leo kwa ahadi ya reli isiyo na fedha ni kuwanyang'anya wanyonge walichonacho. Tukumbuke pia kwamba hukumu hubadilika: mwandishi John Ruskin alililia bonde hili baada ya reli kujengwa, akikejeli faida ya mtu wa Buxton kuwahi Bakewell. Daraja la Headstone la reli hiyo aliyoichukia sasa linalindwa na sheria kama urithi.

Pingamizi ya pili ndiyo inayouma: wengi huifikia Monsal kwa gari, baiskeli zikiwa zimefungwa nyuma. Kwa kipimo changu hilo ni kasoro kubwa, maana asiye na gari ni dhaifu pia. Upande wa magharibi njia huishia kabla ya Buxton kwenyewe. Upande wa mashariki huishia Bakewell, wakati kituo cha treni kiko Matlock. Katikati kuna handaki la Haddon, lililochimbwa kwa sababu Duki wa Rutland hakutaka reli ionekane kutoka kwenye kasri lake. Kipande hicho bado hakijafunguliwa kwa baiskeli. Fedha yoyote itakayopatikana iende huko kwanza, kabla ya mgahawa mwingine, kabla ya maegesho zaidi.