Shahada ya uzamili ya fedha si leseni ya uhasibu

KILA mwaka watumishi wa benki, halmashauri na mashirika ya umma hurejea darasani, katika vyuo vya Dar es Salaam na Morogoro, kusomea shahada ya uzamili ya fedha. Wengi huhudhuria masomo ya jioni baada ya saa za kazi na kujilipia ada wenyewe. Wamo wanaoamini kwamba wakihitimu watakuwa wahasibu kamili. Dhana hiyo ni potofu, na anayeigundua baada ya kuhitimu huwa amekwisha kulipa gharama yake.

Mamlaka ya kusajili wahasibu nchini Tanzania ni ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972. Anayetaka kutia saini ripoti ya ukaguzi wa hesabu za kampuni sharti afaulu mitihani ya bodi hiyo, awe na uzoefu wa kazi unaokubalika na asajiliwe. Shahada huweza kumpunguzia idadi ya mitihani, lakini ile ya ngazi ya mwisho ataifanya kama wenzake.

Tofauti hiyo inatokana na kazi zenyewe. Mhasibu hushughulika zaidi na yaliyokwisha kutokea: fedha zilizoingia, zilizotoka na ushahidi wake. Mtaalamu wa fedha hutazama yajayo. Huulizwa, kwa mfano, shilingi milioni 10 zitakazolipwa baada ya miaka mitano zina thamani gani leo. Iwapo fedha hizo zingeweza kuzalisha asilimia 12 kwa mwaka mahali pengine, jibu ni takriban shilingi milioni 5.67. Hesabu ya namna hiyo ndiyo huamua kama kiwanda kijengwe au kisijengwe, na kama hatifungani ya serikali inunuliwe kwa bei inayotajwa.

Juu ya msingi huo hujengwa nadharia za mtaji na uwekezaji, ikiwamo ile ya Harry Markowitz ya mwaka 1952 kuhusu kutawanya vitega uchumi ili kupunguza hatari. Aliyekimbia hisabati tangu sekondari ataikuta ikimsubiri hapa, pamoja na takwimu.

Nyingi ya nadharia hizo zilitungwa kwa kutazama masoko makubwa kama la New York. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998 likiwa na kampuni moja tu, na hadi leo zipo hisa zinazoweza kukaa siku kadhaa bila kuuzwa. Bei isiyobadilika kwa sababu hakuna aliyenunua haimwelezi mtafiti mengi kuhusu thamani ya kampuni.

Ugumu huo hujitokeza wakati wa kuandika tasnifu, hatua ambayo wanafunzi wengi hukwama wakiwa wamekwisha kufaulu masomo yote ya darasani. Mwanafunzi huchagua mada inayohitaji takwimu za mikopo ya benki fulani, kisha benki humjibu kwamba taarifa hizo ni siri. Muhula hupita, na ada ya kuongezewa muda huanza kudaiwa. Ni heri kuomba kibali cha takwimu kwanza, ndipo mada ipelekwe kwa msimamizi.