Nani Humgeuza Mgonjwa Saa Nane za Usiku?

Mgonjwa wa kiharusi anapolazwa jioni, wengi wa wataalamu watakaomsaidia kusimama tena wamekwisha kurudi majumbani. Mfiziotherapia atafika asubuhi. Mtoa tiba kwa vitendo, ikiwa hospitali imebahatika kuwa naye, huenda akafika siku ya pili au ya tatu. Mtaalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi ataitwa baadaye kabisa, endapo mguu utahitaji kifaa cha kuushikilia. Anayebaki wodini ni muuguzi. Ndiye atakayeamua usiku huo kama mgonjwa apewe uji ulioletwa na nduguze, alazwe ubavu upi, na mkono uliolegea uegemezwe juu ya mto au uachwe uning'inie.

Maamuzi hayo yanaonekana kuwa madogo, lakini utengamao wa mgonjwa huanzia hapo. Kiharusi huweza kudhoofisha misuli ya kumezea. Uji ukiingia katika njia ya hewa, nimonia hufuata, na wapo walionusurika kiharusi wakafa kwa mapafu. Ndiyo maana mgonjwa hapaswi kupewa chochote kwa mdomo kabla ya kupimwa umezaji wake: aketishwe wima, apewe maji kidogo kwa kijiko, asikilizwe kama anakohoa au kama sauti yake imekuwa ya majimaji. Bega nalo lina hatari yake. Misuli ikishalegea, mfupa wa mkono hushikiliwa na kano tupu, na ndugu mwenye huruma anayemvuta mgonjwa kwa mkono huo ili amketishe anaweza kumwachia maumivu ya miezi mingi. Mgonjwa huinuliwa kwa kushikwa kiwiliwili.

Ujuzi wa kumgeuza mgonjwa una historia yake. Mwaka 1944, daktari Ludwig Guttmann alipoanza kuwahudumia askari waliovunjika uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, wagonjwa wa aina hiyo walikuwa wakifa kwa vidonda na maambukizi ya mkojo. Aliagiza wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Mwaka 1962 Doreen Norton, muuguzi wa Uingereza, alitoa na wenzake matokeo ya utafiti juu ya wagonjwa wazee. Ngozi zilikuwa zikipakwa na kusuguliwa dawa za kila namna. Utafiti huo ukaonyesha kwamba kinachoiokoa ngozi ni kuondolewa kwa mgandamizo. Kutokana na kazi hiyo kilipatikana kipimo chenye jina lake, kinachompa mgonjwa alama kwa hali ya mwili, hali ya akili, uwezo wa kutembea, uwezo wa kujigeuza, na kumudu haja. Jumla huwa kati ya 5 na 20, na aliyepata 14 au chini huhesabiwa kuwa hatarini. Norton hakuwa daktari. Alikuwa muuguzi aliyeuliza swali juu ya desturi ya wodi yake, akalijibu kwa ushahidi.

Hapo ndipo ilipo hoja ya kuwapeleka wauguzi na wataalamu wa utengamao hadi ngazi ya shahada. Nchini Tanzania shahada ya uuguzi huchukua miaka minne, kisha mwaka mmoja wa mafunzo tarajali. Kutandika kitanda, kuchoma sindano na kufunga jeraha hufundishwa vizuri katika stashahada pia, na wauguzi wengi wa stashahada huwapita wahitimu wa shahada kwa mikono yao. Miaka ya chuo kikuu inapaswa kumpa mwanafunzi kitu kingine, yaani uwezo wa kuupima ushahidi na kubadili utendaji ushahidi unapobadilika.

Mfano wake mzuri ni utafiti wa AVERT, ulioongozwa na mfiziotherapia wa Australia, Julie Bernhardt, na kuchapishwa mwaka 2015. Ulihusisha wagonjwa 2,104 wa kiharusi katika nchi tano. Wengi walikuwa wakiamini kwamba mgonjwa akiinuliwa kitandani mapema zaidi na kwa wingi zaidi ndipo anapopona vyema. Baada ya miezi mitatu, waliofanyishwa hivyo waliofikia hali njema walikuwa asilimia 46. Waliopata huduma ya kawaida walikuwa asilimia 50. Uchambuzi uliofuata ulidokeza kwamba vipindi vifupi vya mara kwa mara ndivyo vyenye manufaa kuliko vipindi virefu. Katika utafiti huo mazoezi yalisimamiwa na wafiziotherapia pamoja na wauguzi, na hilo lilikuwa la lazima, kwa kuwa vipindi vifupi vya mara kwa mara haviwezekani kwa mtu anayefika wodini mara moja kwa siku.

Hata hivyo, katika vyuo vingi fani hizi hufundishwa kila moja kwenye chumba chake. Mwanafunzi wa uuguzi na yule wa fiziotherapia wanaweza kukaa miaka minne katika eneo moja wasikutane mbele ya mgonjwa mmoja. Moshi ni miongoni mwa sehemu ambako fani hizo zimekaa jirani: katika eneo la Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, hufundishwa uuguzi, fiziotherapia na tiba kwa vitendo, na tangu mwaka 1981 kipo Kituo cha TATCOT kinachofundisha wataalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi kutoka nchi nyingi za Afrika. Ujirani wa namna hiyo ni mtaji. Unazaa pale ratiba inapowakutanisha wanafunzi kando ya kitanda kimoja, wakapanga mpango mmoja, na kusahihishwa kwa pamoja.

Kuna pingamizi la haki. Mgonjwa mmoja asiyejigeuza huhitaji kugeuzwa mara 12 kwa siku. Wakiwa kumi wodini, ni mara 120. Muuguzi wa zamu anayeambiwa aongeze mazoezi juu ya hayo ana sababu ya kuguna. Lakini kumlaza mgonjwa vizuri hakuchukui muda mrefu kuliko kumlaza vibaya, na kidonda cha makalio kikishafunguka huiba saa nyingi za wauguzi kwa majuma mengi.

Haja yenyewe ni kubwa. Makadirio ya mwaka 2019 yaonyesha kwamba watu bilioni 2.41 duniani, mmoja katika kila watatu, wana hali ambayo ingenufaika na utengamao. Katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, wengi huruhusiwa kwenda nyumbani wakiwa na orodha ya dawa na tarehe ya kliniki tu. Wanarudi kwenye choo cha kuchuchumaa, kigoda kifupi, mafiga na ndoo ya maji. Mtoa tiba kwa vitendo angewaonyesha mahali pa kufunga kishikio chooni, urefu wa kiti unaowafaa, na namna ya kuvaa shati kwa mkono mmoja: mkono dhaifu hutangulia kuingia, na wakati wa kuvua hutoka wa mwisho. Somo hilo la shati huchukua dakika tano. Muuguzi aliyefundishwa anaweza kulitoa asubuhi ya kuruhusiwa, mke au mwana akiwa amesimama kando akitazama, shati likiwa mkononi mwa mgonjwa mwenyewe.