Mtoto Njiti Ana Umri wa Aina Mbili

Muulize mama mwenye mtoto njiti, "Ana miezi mingapi?" Utaona anasita kidogo kabla ya kujibu. Sio kwamba amesahau. Anapiga hesabu kichwani, halafu anakupima kama wewe ni mtu wa kuelezwa au ni wa kujibiwa tu mambo yaishe. Mtoto aliyezaliwa mapema sana ana umri wa aina mbili, na zote mbili ni za kweli.

Umri wa kwanza unaanzia siku aliyozaliwa. Wa pili unaanzia siku ambayo angezaliwa kama mimba ingefika wiki 40. Huu wa pili unaitwa umri uliosahihishwa, na hesabu yake ni ya darasa la tatu. Chukua 40, toa wiki za mimba alizozaliwa nazo, kinachobaki kipunguze kwenye umri wake wa kawaida. Mtoto wa dada yangu, ambaye mimi ni mama yake mdogo, alizaliwa wiki ya 29 mwishoni mwa Aprili 2024, akiwa na gramu 1,150. Alitarajiwa katikati ya Julai. Ametangulia wiki 11. Kwa hiyo alipotimiza miezi tisa kwenye kalenda, mwili wake ulikuwa wa mtoto wa miezi sita na nusu. Kwa kawaida hesabu hii hutumika hadi mtoto afike kama miaka miwili.

Shirika la Afya Duniani linamhesabu njiti kuwa mtoto yeyote aliyezaliwa kabla ya wiki ya 37. Lakini kuna njiti na njiti. Wa wiki ya 36 unaweza usimtambue hata ukimbeba. Aliyezaliwa kabla ya wiki ya 32 ni habari nyingine, na kabla ya 28 ni nyingine kabisa. Neno lenyewe linatokana na njiti ya kiberiti, na ukiona mguu wa mtoto wa kilo moja hutauliza kwa nini.

Sasa hizo wiki 11 zina nini hasa? Zina mengi. Ndani ya mapafu kuna utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandamane, na wiki ya 29 bado haujatosha. Mafuta ya chini ya ngozi yanawekwa miezi ya mwisho, kwa hiyo njiti hana blanketi lake la ndani. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio bila kupaliwa ni ufundi unaokaa sawa karibu na wiki ya 34, ndiyo maana wengi hulishwa kwanza kwa mpira mwembamba unaopita puani, kisha kwa kikombe. Kingamwili za mama na akiba ya madini ya chuma huvuka kwenda kwa mtoto kwa wingi katika miezi mitatu ya mwisho. Hivyo njiti anafika duniani na akiba ndogo ya damu na ulinzi mdogo dhidi ya magonjwa. Hata kupumua anaweza kusahau, kweli kabisa. Ubongo haujazoea kazi hiyo, na muuguzi humgusa unyayo akumbuke.

Hapo hapo niutaje ule usemi tuliokua nao, kwamba mtoto wa miezi saba anapona ila wa miezi minane haponi. Si kweli. Kila wiki anayoongeza tumboni inamwongezea nafasi. Naomba wenzangu tunaokwenda kufundisha baiolojia tusiuache upite.

Dada alikaa hospitali wiki sita. Sehemu kubwa ya muda huo mtoto alikuwa kifuani kwake, amevaa nepi, kofia na soksi tu, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa kitenge. Wauguzi wanaita kangaruu. Njia hii ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey Sanabria, katika hospitali iliyofurika watoto na yenye maambukizi mengi. Kwa miaka mingi ilifikiriwa ni ya mtoto ambaye hali yake imeshatulia. Halafu utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Muhimbili, ukawachukua watoto wa kati ya kilo moja na kilo 1.8 wakaanzishiwa kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, na wengine kwa utaratibu wa zamani. Ndani ya siku 28 walifariki asilimia 12 ya waliowekwa kifuani mapema, na asilimia 15.7 ya wale wengine. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu jibu lilikuwa limeshaonekana. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake.

Kile ambacho takwimu hazikuambii ni kwamba kangaruu haiishii hospitali. Mtoto aliruhusiwa na kilo 1.7, mwezi wa sita, na nyumbani ni Lushoto. Anayeijua Lushoto ya mwezi wa sita anajua asubuhi unaongea na moshi unatoka mdomoni. Tulikuwa tumepewa masharti mafupi: joto, maziwa ya mama, mikono safi, watu wachache. Hayo manne yaliigeuza nyumba nzima.

Dada ni fundi cherehani. Hakuna anayeshona huku amefunga mtoto kifuani, achilia mbali kupika, kufua na kukamua maziwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Na mwili wa mtu mmoja hautoshi saa 24. Ikabidi kifua kiwe cha zamu. Mimi nilikuwa likizo, nikapewa alfajiri. Shemeji, ambaye ni bodaboda, alikuwa anarudi saa moja jioni, anaoga, anabadili nguo, anakaa karibu na jiko na kufungiwa mtoto. Siku ya kwanza bibi, yaani mama yake shemeji, alisimama mlangoni akatazama muda mrefu.

"Baba akimvaa mtoto, mama atavaa nini?"

"Mama, nesi kasema kifua chochote chenye joto kinafaa."

Bibi akaguna. Siku ya tatu alikuja akiwa ameshanawa mikono, akasema huyo kijana amechoka, mleteni kwangu. Tangu siku hiyo zamu ya mchana ilikuwa yake, na kuipata tena ilikuwa kazi.

Wageni ndio walikuwa mtihani. Kwetu mtoto akizaliwa watu wanakuja, na kumzuia mtu mlangoni ni kama kumtukana. Arobaini ilitimia mtoto angali hospitali, siku mbili kabla ya kuruhusiwa, na ndugu walishaanza kupiga simu kuuliza lini wanakuja kumwona akitolewa nje. Kwa mtoto wa kilo 1.7, mafua ya mtu mzima yanaweza kuwa nimonia. Dada hakuwa na ubavu wa kuwaambia wakwe zake wasije. Aliyesema ni bibi. Alikaa na simu yake sebuleni, akampigia mmoja baada ya mwingine, na wote aliwaambia maneno yaleyale: "Arobaini ya huyu bado. Hajazaliwa, kachungulia tu. Mtahesabu kuanzia Julai." Watu walicheka, lakini hawakuja. Mtoto alitolewa nje mwishoni mwa Agosti, siku 40 kutoka tarehe aliyotarajiwa. Hakuna aliyemfundisha bibi habari za umri uliosahihishwa. Yeye aliona tu kwamba mtoto huyu bado ni wa tumboni, na tumbo kwa sasa ni sisi.

Kulikuwa na mtu mwingine ndani ya nyumba ile ambaye ni rahisi kusahauliwa: binti mkubwa wa dada, ana miaka minne. Mama yake alipotea wiki sita, akarudi na kitu kifuani ambacho hakitoki. Alianza kukojoa kitandani tena. Tuliosoma saikolojia ya mtoto tunajua maana yake, ila kujua hakukaushi godoro. Kilichosaidia kilikuwa kidogo tu. Kofia za mtoto zikawa kazi yake: kuzianika, kuzikunja, kuchagua ya leo. Akawa na la kufanya katika jambo ambalo lilikuwa limemchukulia mama.

Siku iliyonifanya nitake kuandika haya ni ile ya kliniki ya miezi tisa. Kwenye benchi mama mmoja wa mtoto aliyezaliwa Aprili hiyohiyo alimwangalia wetu, ambaye hata kukaa mwenyewe alikuwa bado anaanguka upande, akasema, "Wangu anasimamia meza. Huyu mvivu, eh?" Hakuwa na nia mbaya. Dada alitabasamu, lakini njia nzima ya kurudi hakuongea.

Meza ya muuguzi ilikuwa na umri zote mbili kwa pamoja. Chanjo ya surua na rubela alichomwa siku hiyo kwa umri wa kalenda, miezi tisa. Chanjo hazisubiri umri uliosahihishwa, kwa sababu surua nayo haisubiri. Hata zile za wiki ya sita alizipata kabla ya tarehe aliyopaswa kuzaliwa. Lakini kukaa, kutambaa na kutamka vinapimwa kwa umri wa pili. Mtoto wa miezi sita na nusu ambaye kukaa kwake bado kunayumba hajachelewa kitu. Uzito nao kwenye kadi unasomwa hivyohivyo. Ukiusoma kwa kalenda utamwona ana utapiamlo hata kama anapanda vizuri kwa mwendo wake. Hapo ndipo familia inapoingia kwenye hatari ya kweli. Mama anaambiwa maziwa yake ni mepesi, anaanza uji mwezi wa nne, mtoto anaharisha, uzito unashuka, na sasa tatizo lipo kweli. Wetu alianza uji alipotimiza sita ya kusahihishwa, kama kliniki ilivyoelekeza, baada ya shingo kukaza na mwenyewe kuanza kuufuata mkono wa anayekula. Watoto hawalingani, kwa hiyo la uji muulize anayemfuatilia wako. Matone ya madini ya chuma alishaanza zamani, kwa ile sababu ya akiba.

Lakini umri wa pili usigeuzwe kisingizio. Kama hata ukishapunguza wiki mtoto bado hakazi shingo, au miguu imekakamaa kama mkasi, au ngumi hazifunguki, au anatumia mkono mmoja tu, usiambiwe "ni njiti, atajirekebisha." Apelekwe. Mazoezi yakianza mapema yanasaidia zaidi. Macho nayo yana saa yake. Mishipa ya damu ya nyuma ya jicho haijamaliza kukua kwa mtoto wa wiki ya 29, ikikua vibaya inaweza kumpofusha, na kipimo kinatakiwa wiki chache tu baada ya kuzaliwa, si akifika miaka mitatu. Masikio pia yapimwe.

Kuhusu kazi nitasema kidogo. Sheria ya ajira humpa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na marekebisho ya mwaka 2025 yamemwongezea muda aliyejifungua njiti. Ni jambo zuri, na wengi mnaosoma hapa mtaajiriwa, mlijue. Ila cherehani haina likizo. Dada alirudi kushona mtoto akiwa na miezi mitano ya kalenda, na aliyelipa nauli za kliniki kati ya hapo ni bodaboda ya shemeji na mbuzi wawili wa bibi.

Na shule? Hapa ndipo sisi wa kitivo cha elimu tunaingia. Mwaka wa shule unaanza Januari. Mtoto aliyetarajiwa Februari akazaliwa Novemba anaweza kuandikishwa mwaka mzima kabla ya wenzake wa tumboni, akiwa mdogo kuliko wote darasani na ubongo uliopitia zaidi kuliko wote. Wa kwetu aliponea hapo, Aprili na Julai zote ziko mwaka mmoja. Wengi waliozaliwa njiti wanasoma vizuri kabisa. Ila kwa ujumla wao, hasa waliozaliwa kabla ya wiki ya 32, wana uwezekano mkubwa zaidi wa kusumbuliwa na utulivu wa mawazo, hesabu, na kuona. Darasa la watoto 90 lina namna yake ya kuwaita watoto hao, na sio "njiti." Wanaitwa wazito.

Fomu ya kuandikisha ina mstari mmoja wa tarehe ya kuzaliwa. Mwalimu wa awali anayetaka umri wa pili itabidi auulize mwenyewe siku mzazi anapomleta mtoto, kwa sauti ya chini, pembeni ya foleni: alizaliwa mimba ikiwa na wiki ngapi? Akijibiwa 29, amkalishe mbele karibu na ubao mpaka macho yapimwe.